Sogea Karibu na Gari Hili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la juma hili ni Matendo ya Mitume 8:26–40, habari ya Filipo na yule towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake. Wengi tumeisikia tangu Shule ya Jumapili, na mara nyingi mahubiri yake hukimbilia mwisho, pale kwenye maji, towashi anapobatizwa. Mimi juma hili nimekwama katikati, ndani ya gari, pale towashi anaposoma Isaya bila kuelewa. Aliyenikwamisha ni kijana mmoja niliyekutana naye Feri.

Mnanijua kwa kazi yangu. Mimi ndiye mama anayepita mbele yenu na kamera siku ya kipaimara wakati ninyi mmefumba macho mnaomba. Ijumaa iliyopita nilikuwa na shughuli kanisani Azania Front, nikamaliza saa nane kasoro, nikatembea kwa mguu kando ya bahari hadi Kivukoni kusubiri pantoni ya Kigamboni. Siku hiyo sikuwa na kamera, nilikuwa na mkoba na mwavuli tu.

Anayejua picha anajua kwamba jua la Dar la saa nane ni la kukimbia. Mji wetu uko nyuzi saba hivi kusini mwa ikweta. Mapema Machi, na tena Oktoba, jua la adhuhuri hutupita juu ya utosi kabisa. Ukimpiga mtu picha saa hizo, macho yake yanageuka mashimo mawili meusi na pua inameta. Kwa hiyo nilipomwona kijana amesimama juani, kamera shingoni, analenga pantoni, nilijua huyu ni mgeni wa kazi. Anapiga, anatazama kioo cha nyuma, anaguna. Anapiga tena, anaguna tena. Kamera yenyewe ya mtumba, kamba yake imechakaa hadi maandishi yamefutika.

Nikakaa kivulini. Niwaambie kweli, sikutaka kwenda. Nilikuwa nimechoka, na katika kazi yetu kuna woga ambao hatuutaji: kila unayemfundisha leo, kesho ndiye anayechukua harusi uliyoitegemea kulipa ada. Nilipoanza, kulikuwa na mpiga picha mmoja mzoefu aliyekuwa akifunika kioo cha kamera yake kwa kiganja kila nilipomsogelea, nisije nikaona ameiweka kwenye namba gani. Nilimchukia miaka mingi. Na pale Feri nikagundua kwamba nimekaa na mwavuli wangu nikifanya vilevile, ila mimi nafunika mdomo.

Roho alimwambia Filipo neno fupi sana: sogea karibu na gari hili, ukashikamane nalo. Hakumwambia atakachosema akifika. Filipo akaenda mbio, na kabla hajafungua kinywa alisikiliza, akasikia ni Isaya ndiye anayesomwa. Hapo ndipo akauliza kama yule bwana anayaelewa anayoyasoma.

Nikasimama nikaenda, ingawa si mbio. Magoti haya mnayajua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unapiga nini?"

"Pantoni, mama. Lakini kamera mbovu hii. Nimepigwa." Akanieleza kwamba amejinyima miezi mingi kuipata, na fundi aliyemwonyesha amemwambia jicho la ndani limeungua. Nikamwomba anionyeshe picha. Zote nyeupe, kama shuka lililoanikwa. Ukikaza macho unaona kivuli cha bomba la moshi la pantoni, basi.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndiyo sehemu niliyoikosea miaka mingi.

Zamani, kwenye bustani ya Mnazi Mmoja, alinijia binti akiwa na kamera mpya ya zawadi, akaniuliza swali moja dogo: kwa nini picha zake za jioni zinatoka zimetikisika. Nilifurahi kuulizwa. Nikamkalisha kwenye benchi nikamwaga yote ninayoyajua: tundu la lenzi, kasi ya shata, rangi za mwanga, lenzi za milimita 35 na 50 na 85, kisha nikamshauri auze aliyonayo anunue nyingine. Alipoondoka alikuwa ameirudisha kamera kwenye mkoba. Alikuwa na swali la aya moja, nami nikamsomea Isaya yote, sura 66. Ule haukuwa msaada, nilikuwa najionyesha. Na ule ushauri wa kununua kitu kingine, jamani, wapiga picha tunaupenda mno! Mtu anakuja na alichonacho mkononi, sisi tunaanza na asichonacho.

Filipo hakufanya hivyo. Luka anaandika kwamba alianza kwa andiko lilo hilo. Hakumnyang'anya yule bwana chuo, yaani kitabu alichokuwa anasoma, akafunua mahali alipopapenda yeye. Hakumwambia, hebu rudi kwanza Mwanzo ndipo utanielewa. Alipanda, akaketi upande wake, macho yao wawili kwenye mstari uleule alioukwamia msomaji. Pia angalieni huyu towashi anatoka wapi: Yerusalemu, mji uliojaa walimu. Amekwenda kuabudu, anarudi na chuo mkononi na swali lake halijaguswa. Vijana wetu nao masomo ya picha hawayakosi, YouTube imejaa. Wanachokosa ni mtu wa kuketi upande wao kwa dakika kumi akaitazama picha yao wenyewe.

Basi nikaitazama. Kamera aishike yeye. Mikono yangu ilikuwa inawasha niichukue, nikaikunja kwapani. Nikamwuliza, hii namba hapa ni ngapi? Akasoma: 3200. Nikajua kamera ni nzima. Ile ni ISO, kiasi kamera inavyougeuza mwanga kidogo kuwa mwingi. Mwenyewe wa zamani bila shaka aliitumia ukumbini usiku, akaiuza hivyohivyo, naye kijana akaibeba juani bila kujua. Nikamwambia, kamera yako imevaa miwani ya usiku mchana kweupe. Ishushe mpaka 100.

Akashusha: 1600, 800, 400, 200, 100. Nikamweleza kwamba kila hatua ni kukata mwanga nusu, na amekata mara tano. Akapiga. Pantoni ikaonekana, ila bado imefifia kama nguo iliyochuja. Nikamwuliza tena, na ile nyingine? Shata ilikuwa 1/200, yaani pazia la ndani linafunguka kwa sehemu moja ya mia mbili za sekunde. Sasa fikiria pazia la nyumbani, nikamwambia. Jua likizidi sebuleni unafanyaje? "Nalifunga haraka, mama." Haya, lifunge haraka. Akapeleka 400, kisha 800, tundu la lenzi, pale mwanga unapoingilia, tukaliacha palepale kwenye 5.6. Akapiga.

Wapendwa, sikumbuki mara ya mwisho niliona uso wa mtu ukifunguka vile. Bahari ya buluu, pantoni imejaa watu na pikipiki na magunia, hata ndala za kijana aliyekaa ukingoni zinaonekana. Akaicheka ile kamera kama mtu aliyerudishiwa mbuzi wake. Kisha akasema neno ambalo mimi sikumfundisha: "Mama, kwa hiyo wale kina mama pale chini ya bati, hawana vivuli usoni. Pale si ndiyo pazuri kupiga watu?"

Mnalikumbuka la towashi? Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe? Filipo hakuyaonyesha yale maji. Aliyeyaona kwanza ni yule aliyekuwa mwanafunzi kwa muda usiojaa nusu siku. Wala Filipo hakumjibu kwamba subiri, bado hujamaliza darasa. Gari likasimama, wakashuka wote wawili.

Nami nikamwambia kijana, nenda. Nilimwongezea mambo mawili tu. La kwanza, wale ni watu walio kazini, waamkie kwanza, waombe, na mama akikataa inua mkono useme asante. Kule soko la samaki hasa, wapo waliochoka kupigwa picha na wapita njia wasiowarudishia hata moja. La pili, tulikuwa Magogoni, jirani na Ikulu, na kijana akiwa na kamera anasahau aliposimama: popote utakapoilekeza, usiilekeze Ikulu. Akacheka, kisha akaona kwamba sicheki.

Mengine yote niliyaacha. Tundu la lenzi sikuligusa, na hili bado linanisumbua kidogo, kwa sababu jioni akipiga ndani ya nyumba ile 100 itamletea picha nyeusi tii. Lakini ameiona namba ilipo na ameigeuza kwa vidole vyake.

Nilipomsimulia mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliniuliza, "Sasa ulimhubiria?" Hapana. Hata jina sikumwuliza, wala kama Jumapili anakwenda kanisani au Ijumaa ile alikuwa anatoka msikitini. Mzee akanyamaza kwa namna yake. Nimelifikiri swali lake siku nzima na sijaona la kujuta. Filipo alianza pale mtu aliposomea, na kijana wangu alikuwa anasoma mwanga.

Kuna jambo moja katika somo hili linalonipa faraja na linaloniuma pia. Walipotoka majini Roho akamnyakua Filipo, na towashi asimwone tena; akaenda zake akifurahi, na Filipo akaonekana mji mwingine, Azoto. Mwalimu hakupata kumwona mwanafunzi wake akifika nyumbani. Sisi tunapenda kufuatilia. Tunataka namba ya simu, tunataka siku moja atutaje kwamba mama fulani ndiye aliyenianzisha. Mimi niliitaka namba yake, nilikuwa nimeshafungua mkoba kutafuta kalamu, pantoni ikapiga honi na geti likafunguliwa, na mnajua geti la Feri likifunguliwa ni kila mtu na miguu yake.

Katika sala zenu juma hili muwakumbuke vijana wanaoanza kazi kwa vifaa vya mtumba. Nami mniombee mdomo mfupi.

Kabla geti halijafunguka aliniomba kitu. "Mama, simama pale chini ya bati nikupige." Miaka yote hii nawapiga ninyi, na picha zangu mwenyewe ni za kitambulisho. Nikakunja mwavuli, nikavua miwani, nikasimama kati ya muuza karanga na mlango wa chuma. Akapiga moja, akatazama, akasogea hatua mbili kushoto bila kuambiwa, akapiga tena. Akatabasamu, ila hakuwahi kunionyesha. Watu wakatusukuma, nikamwona kichwa tu, kisha sikumwona. Picha hiyo iko naye, huko aliko, nami sijui nilitokaje.