Namna tulivyomchosha mwamba wa jezi nyeusi, Uyole mpaka Tukuyu

Watu wengi hapa Mbeya wakiona mbio za baiskeli zinapita wanadhani ni kila mtu na miguu yake, mwenye mapafu ndo anashinda, basi. Na mimi nilikua naamini hivyo hivyo miaka yangu miwili ya kwanza. Leo nataka niwaeleze ilivyo kwa ndani maana nimeulizwa sana toka tulivyorudi Tukuyu, hasa swali moja, kwamba inakuaje mtu umalize wa ishirini na kitu alafu ufurahi kama umeshinda.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni upepo. Ukiwa kwenye tambarare unatembea 40 kwa saa, nguvu yako nyingi haiishii kwenye cheni wala kwenye tairi, inaishia kusukuma hewa, na hewa ukiongeza spidi mara mbili inakukaba mara nne. Sasa yule aliyekaa mgongoni kwako, tairi lake la mbele karibu linagusa lako la nyuma, anaokoa kama theluthi ya nguvu. Theluthi jamani! Mnaenda spidi ile ile, we macho yamekutoka, yeye anakula ndizi. Ndo maana timu inayojielewa haimruhusu mtu wake wa kushinda aone upepo hata dakika moja mpaka muda wake ufike, wengine ndo wanapokezana mbele, unavuta, ukichoka unapisha pembeni unarudi nyuma ya mstari, anashika mwingine.

Mlimani stori inabadilika kidogo, kwenye 14 au 15 kwa saa upepo hauna nguvu kihivyo, pale uzito wako na pumzi yako ndo vinaongea, kukaa mgongoni kwa mtu kunakusaidia kichwani zaidi kuliko miguuni. Hili likumbukeni, nitalirudia tukifika Isyonje, kule kwenye mlima wa njiani.

Kosa langu sasa, na bado linaniuma. Kwenye mbio za kabla ya hizi, mwenzangu wa timu moja alichomoka na watu wawili, wakapata pengo zuri tu. Mi nilikua najisikia vizuri siku ile, miguu myepesi, nikaona wale wanaenda na zawadi, nikatoka mbele ya kundi nikaanza kuvuta kama kichaa, kilomita kama tano hivi, nikawafikia. Na nilipowafikia nikageuka nyuma, kundi zima liko mgongoni kwangu, wamepumzika, wananiangalia. Mwenzangu alinitazama hakusema kitu. Tukamaliza hatuna nafasi hata moja ya zawadi. Kapteni wetu alinikuta nimekaa chini ya mti akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, leo umewafanyia kazi watu wengine." Usiku ule sikulala vizuri.

Lakini niwe mkweli kwanini nilifanya vile, sio kwamba nilikua sijui. Nilijua kabisa mtu wa timu yako akiwa mbele we unatulia. Nilifanya vile kwasababu zawadi anapewa mtu, hapewi timu, na mi nilikua na deni la tairi kwa fundi. Timu nyingi za huku kwetu zinafia hapo hapo, mtawafundisha watu kupanga mstari na kupokezana na kila kitu, ila kama hela ya ushindi inaingia mfuko mmoja, ikifika kilomita ya mwisho kila mtu anakua timu yake mwenyewe.

Kwa hiyo safari hii usiku wa kuamkia mbio tulikaa kwa fundi, sisi watano na fundi mwenyewe, na kapteni kabla hajasema habari ya barabara akasema tuanze na hela. Pendekezo lake, chochote atakachopata yeyote, toa mafuta ya gari, kinachobaki gawanya kwa sita sawasawa, fundi akiwemo. Mpanda milima wetu aligoma. Na ana haki ya kugoma, ndo mwenye nafasi kubwa kuliko sisi wote, akasema kaka mi kila Jumamosi napanda barabara ya Chunya mpaka kule juu Kawetere peke yangu mvua inanyesha nyie mmelala, alafu nigawane na mtu atakayemaliza nyuma? Mabishano yakaenda mpaka saa nne usiku.

Kapteni hakumkasirikia. Akamwambia hata kule Ufaransa kwenye Tour de France, wale wenye hela za kutisha, desturi ni kwamba mshindi hela ya zawadi anawagawia wenzake wa timu, kwasababu anajua nani kamkatia upepo wiki tatu. Akamkumbusha Biniam Girmay wa Eritrea, ndugu yetu wa Afrika, mwaka 2024 kwenye mbio hizo hizo alishinda hatua tatu, yaani mbio za siku tatu, na akarudi na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na kila mtu alisifia ile spidi yake ya mwisho, sawa, ila kuna watu walimlinda kutwa nzima na kumpeleka mbele ili ile spidi iwe na mahali pa kutokea. "Sasa we kesho nani atakufikisha Isyonje ukiwa mzima?" Jamaa akanyamaza muda mrefu, akasema haya, nimekubali. Kwangu mbio tulizishinda pale pale kwa fundi, kwenye mwanga wa taa ya chaji.

Shida yetu ilikua moja, kulikua na mwamba wa jezi nyeusi toka timu nyingine, na huyo mtu hakuna kati yetu anayemuweza, sio mlimani, sio tambarare, popote. Ila kapteni aliona kitu, yule kaja na mwenzake mmoja tu na mwenzake mwenyewe mdogo, yaani akitaka kumkimbiza mtu lazima avute mwenyewe. Mpango wetu wote ukasimama juu ya hilo, tumpe watu wa kuwakimbiza mpaka aishe.

Tukaanza Uyole asubuhi baridi kali. Kufika Igawilo, bado ni tambarare, dogo wetu wa miaka 19 akachomoka na watu wawili wa timu tofauti. Hapo mi na mwenzangu mmoja kazi yetu ikaanza, na kazi yenyewe ilikua kutokuvuta. Kila wakitokea watu mbele kutaka kuwakimbiza, tunaingia nao kwenye mstari kistaarabu kabisa, wakipisha na zamu yetu ikifika tunapunguza kidogo tu, kama 2 au 3 kwa saa, mdundo wao unavunjika, wanaanza kuangaliana. Na niseme, sio kuyumbayumba barabarani kuwazibia watu njia, hiyo ni faulo na utamvunja mtu mguu, unakaa mstari wako ulionyooka, ila huwafanyii kazi. Nilitukanwa sana. Jamaa wa bodaboda aliyebeba kibao cha chaki akapita kutuonyesha pengo la dogo na wenzake, dakika moja, baadae dakika mbili na kidogo.

Mlima ulipoanza kwenda Isyonje mwamba akachoka kusubiri, akatoka mbele mwenyewe. Sasa kumbukeni nilichosema, mlimani mgongo wa mtu haukubebi sana, kwa hiyo mimi niliachwa ndani ya dakika chache, wengi waliachwa, ukungu ukatumeza. Waliobaki naye ni mpanda milima wetu na kapteni tu, na hawa hawakumsaidia hata mzunguko mmoja wa pedeli. Mwamba akageuka akapiga kelele, vuteni basi! Kapteni akamjibu kwa heshima tu, mwenzetu yuko mbele kaka, hatuwezi kumkimbiza. Hilo jibu ndo faida yote ya kua na mtu mbele. Anayevuta anajua una haki, hawezi hata kukasirika vizuri.

Kuanzia hapo nasimulia nilivyosimuliwa. Juu kule karibu na Ntokela wakamfikia dogo, wale wawili aliokua nao walishapotea. Na sekunde ile ile mwamba alipomshika dogo, akashusha mabega akavuta pumzi, kapteni akachomoka. Huo muda ni wa dhahabu, mtu aliyetoka kukimbiza akifika tu mwili unamwambia umemaliza. Ikabidi aanze upya, kwenye mteremko wa kushuka Kiwira, lami imelowa, mgongoni kwake wamekaa wawili wanapumzika. Akamfikia kapteni, dogo akatoka. Akamfikia dogo, wakatulia kidogo wote wanne, wanatazamana, Mlima Rungwe uko kushoto umejifunika. Alafu kwenye vile vilima vya kuingia Tukuyu, mpanda milima wetu ambae asubuhi nzima alikua hajaonja upepo akasimama kwenye pedeli mara moja tu. Mwamba aliinuka kumfuata, akakaa chini. Miguu ilikua imeisha. Akatoka wa pili, kapteni wa tatu akimvizia mgongoni mpaka mwisho.

Mi nilifika baadae sana, nimelowa chapachapa, mama mmoja muuza ndizi ananipungia mkono. Niliposikia matokeo nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, kama vile yeye ndo katupa kombe, akacheka. Yule mwamba alikuja kutupa mikono wote watano, mmoja mmoja, akasema leo nimevuta mbio nzima peke yangu. Alisema kwa heshima kabisa na mi nilimheshimu zaidi, maana nguvu aliyoitoa siku ile sijawahi kuiona.

Laki tatu ya kwanza, laki moja ya tatu. Tukakaa kwenye mgahawa pale Tukuyu, ndizi nyama mezani, wakatoa 40,000 ya mafuta, na aliyeshika hela kuhesabu alikua mpanda milima mwenyewe, yule aliyegoma usiku. Elfu sitini sitini, mafungu sita. La kwanza akanisogezea mimi. La pili fundi, na fundi akauliza mara mbili kama kweli na yeye yumo. Alafu jamaa akafuta mikono akauliza, zijazo tunamvutia nani? Dogo, ndizi imejaa mdomoni, akanyoosha mkono. Hakuna aliyebisha. Tunaanza Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, Uyole njia panda.