Kutoka asilimia 86 hadi 94 kwenye Beat Saber: siri ilikuwa kwenye mkono, wala si kasi

Juzi usiku nilivua miwani ya VR, jasho linanichuruzika hadi shingoni, nikakaa sakafuni na kucheka peke yangu. Asilimia 94.1 ya alama zote kwenye Beat Saber, mchezo wa muziki ambapo rimoti mbili za mikononi zinakuwa panga za kukatia matofali yanayokujia. Ni wimbo uleule ulionigomea miezi minne, ambao nilikuwa nimekwama nao kwenye 86 mpaka nikaanza kuamini kuwa pale ndipo mwisho wangu. Naandika nikiwa bado na furaha hiyo moyoni. Naandika pia nikiwa na hasira, kwa sababu muda mwingi ulioliwa hapo uliliwa na ushauri mbovu.

Kila niliyemuuliza alinijibu mambo yaleyale. Piga haraka. Usikose tofali hata moja. Hamia Expert+, ngazi ngumu kuliko zote, mkono utafunguka wenyewe. Nikafuata yote kwa utii. Baada ya kama miezi miwili nilikuwa naumaliza wimbo bila kukosa hata tofali moja, kombo kamili mwanzo hadi mwisho, na mezani naletewa asilimia 86. Nikirudia, 86. Nikiongeza bidii, 85.

Kilichonizindua ni rafiki yangu aliyekuja siku moja akacheza wimbo huohuo, ngazi hiyohiyo. Alikosa matofali manne mbele ya macho yangu. Akapata 91. Nikamuuliza, "Umenishindaje wewe, na manne yamekupita?" Akasema, "Hata sijui dada, mimi nazungusha mkono tu." Sikulala vizuri siku ile. Asubuhi nikachukua karatasi na kalamu.

Hesabu ndiyo iliyonifungua macho, na nashangaa kwa nini hakuna aliyenipa kabla. Tofali moja lina alama 115 kwa ukamilifu wake. Katika hizo, 70 ni za safari ya upanga kabla haujaligusa tofali, na huzipati zote mpaka upanga uwe umezunguka digrii 100. Nyingine 30 ni za safari baada ya kukata, nazo zinadai digrii 60. Zilizobaki 15 ni za kupita katikati ya tofali. Basi. Kasi haimo. Hata kuwahi au kuchelewa mdundo kidogo hakumo, na hilo liliniduwaza mimi niliyekulia kwenye osu!, mchezo mwingine wa mdundo, ambako ukichelewa kidogo tu unakatwa. Hapa muziki unakusaidia kujua lini uanze kuinua mkono, lakini anayepewa alama ni mkono wenyewe.

Kuna kizidishi pia. Kinaanza na moja, kinapanda hadi mbili, nne, kisha nane, na kwenye nane ndipo unapokaa wimbo mzima ukicheza safi. Ukikosa tofali kinashuka hadi nne, na lazima ukate manane mfululizo ndipo kirudi. Nikapiga hesabu: tofali moja lililokosekana, pamoja na yale yanayofuata yaliyolipwa nusu, linagharimu alama zaidi kidogo ya 4,000. Wimbo wangu una matofali kama 600. Wastani wangu ulikuwa 99 kwa tofali, maana yake nilikuwa naacha alama 16 kwenye kila moja, mara nane, mara 600. Hizo ni karibu 77,000! Rafiki yangu alipoteza kama 16,500 kwa matofali yake manne, lakini wastani wake ulikuwa 108. Mimi nililinda mlango wa mbele miezi miwili huku nyumba inahamishwa kupitia dirishani.

Kwa hiyo wewe unayeambiwa kila siku "usikose, usikose", angalia kwanza zile namba zinazochomoza kila ukikata tofali. Kama unaona 97, 99, 101 wakati wote, kukosa siyo tatizo lako.

Baada ya kujua hivyo nilidhani kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kifundo cha mkono. Jamaa mmoja anayecheza vizuri aliniambia mkono utulie kabisa, kifundo peke yake kifanye kazi, ndivyo wakubwa wanavyocheza. Kweli, kwa jicho la mtu wa nje wanaonekana hivyo. Nikabana mikono ubavuni nikawa napindapinda vifundo. Namba zikashuka hadi 83, 88, 85. Nilikaa wiki nzima nikijiambia kwamba mwili unazoea. Haukuwa unazoea. Kifundo changu, nikipinde juu hadi kigome na kukishusha hadi kigome, hakifiki hata karibu na digrii 160 ambazo tofali moja linahitaji mbele na nyuma. Mwili hauwezi kuzoea kitu ambacho kiungo hakina.

Nikaruka upande wa pili. Nikaanza kupiga kwa bega, mkono mzima, kama mtu anayepasua kuni. Hapo namba zilipanda kweli, nikaona 110, nikaona 112, nikashangilia. Halafu wimbo ukafika katikati, pale matofali yanapokuja mawili mawili, na kila kitu kikavurugika. Mkono mrefu unachukua muda kurudi. Upanga unayumba, katikati ya tofali unapakosa, zile alama 15 zinabaki 6 au 7. Mbaya zaidi, nilikuwa narusha mkono hadi nyuma ya kichwa, na miwani yangu inaifuata rimoti kwa kamera zilizo mbele yake. Mkono ukienda nyuma ya kisogo kamera haziuoni. Upanga wa bluu, ule wa kulia, ulikuwa unaganda hewani sekunde moja, kisha unaruka kwenda mahali ambapo mkono wangu haupo, na tofali linapita. Mara mbili nilikatiwa kombo namna hiyo nikailaumu miwani. Miwani haikuwa na kosa. Siku hiyohiyo niligonga mlango wa kabati, na kovu jeupe bado liko kwenye rimoti ya kulia. Wiki mbili za hivyo, bega likaanza kuuma hata nikinyanyua kikombe.

Nilipumzika siku nne. Niliporudi nilifanya kitu kimoja tu: kiwiko nilikiacha karibu na mbavu, bila kukibana, kikawa kama bawaba ya mlango. Mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja ndio unaoinuka, na kifundo kinamalizia safari mwishoni, kama unavyogonga msumari kwa nyundo ndogo. Bega halifanyi kitu zaidi ya kubeba. Tofali la juu linahitaji kiwiko kiende mbele kidogo, la chini hakihitaji kusogea kabisa. Namba zikapanda tena hadi 108, 109, na safari hii mkono haukuchoka.

Sasa sikia kitu ambacho nilikigundua mwenyewe na ninajivunia kuliko vyote. Mchezo unasema safari ya baada ya kukata ni digrii 60. Watu wengi wakijua hilo wanaishia hapo hapo kwenye 60, nami niliishia hapo. Lakini tofali linalofuata mara nyingi linaelekea upande wa pili: umekata kwenda chini, sasa unakata kwenda juu. Safari yake inaanzia pale upanga wako uliposimama. Kama ulisimama kwenye 60, unaanza safari ukiwa na digrii 60, na linadai 100. Umepata 30 zako zote za nyuma, kisha umelipa kwa kupoteza 28 kati ya zile 70 za mbele. Kwa hiyo malizia kila mkato mbali, hadi 100, hata kama tofali ulilokwisha kukata halihitaji. Unalimalizia lile linalokuja. Nilipoanza kufanya hivi kwa makusudi, 109 zikawa 112 jioni ileile. Nilisimama katikati ya wimbo nikapiga kelele.

Bado wastani haukupanda vya kutosha, na sikuelewa kwa nini, mpaka nilipomwomba mdogo wangu anirekodi kwa simu. Aliniangalia dakika mbili tu akasema, "Dada, mkono wa kushoto mbona huuinui?" Nikabisha. Tukaangalia video polepole, picha moja baada ya nyingine, tukasimamisha pale tofali jekundu, la mkono wa kushoto, na la bluu yanapofika pamoja. Rimoti ya kulia iko juu ya sikio, imeelekea dari. Ya kushoto iko usawa wa kifua, imelala kama kijiko. Nilikuwa naiburuta tu hadi kwenye tofali. Na kuburuta hakulipi: upanga ukisogea bila kuzunguka, mchezo hauhesabu safari yoyote. Nusu ya matofali yangu ni mekundu. Ndiyo hayo yaliyokuwa yananivuta nyuma miezi yote.

Dawa yake ilikuwa hali ya upanga mmoja, One Saber. Kwa kawaida inakupa upanga wa kulia, lakini kwenye mipangilio ya mchezaji kuna sehemu ya mtu wa mkono wa kushoto, ukiiwasha kila kitu kinageuka na upanga unahamia kushoto. Nilicheza hivyo tu kwa kama wiki tatu, dakika ishirini kila jioni kabla ya kugusa kitu kingine. Siku za kwanza mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama si wangu. Baadaye ukaanza kuinuka wenyewe. Leo nikiangalia namba, wa kushoto unalingana na wa kulia, na kwenye mikato ya pembeni unaupita.

Hizo 15 za katikati zina mambo yake. Kila tofali lina mshale unaoonyesha upande wa kukatia, na nilidhani mkato wangu ukiinama kidogo kutoka kwenye mshale napoteza alama. Sivyo. Kinachopimwa ni mkato ulipita umbali gani kutoka katikati ya tofali, kwa hiyo mkato ulioinama kiasi lakini uliopita katikati unalipwa 15 kamili. Nikaacha kuutazama mshale nikawa nautazama moyo wa tofali. Pia nilirudi nyuma nusu hatua kutoka niliposimama awali, maana nilikuwa nayakata matofali karibu na mpini. Ukiyakata kwa sehemu ya mbele ya upanga, mkono unapata nafasi ya kuzunguka.

Na usihangaike ukiona 85 kwenye kichwa cha mnyororo, yaani tofali linalofuatwa na mkia wa vipande vidogo. Hizo ndizo zote zilizopo pale, hakuna alama za safari ya baada, na kila kipande kinachofuata kina 20 kwa kuguswa na upanga tu. Mimi nilikuwa nakipiga kwa nguvu zote kile kichwa, kisha naharibu vipande vya nyuma.

Urefu wako uuweke sawasawa kwenye mipangilio, usiache wa mtu mwingine aliyecheza kabla yako. Spika za masikioni zisizo na waya mimi nimeachana nazo, sauti inachelewa na unaanza kuinua mkono ukiwa umechelewa pia. Wasio na njia nyingine wajaribu sehemu ya kurekebisha ucheleweshaji wa sauti. Punguza vipande vinavyoruka ukikata, vinaziba macho. Chumba kiwe na mwanga wa kutosha lakini jua lisiingie moja kwa moja.

Kuhusu Expert+, nilirudi nyuma hadi Hard, ngazi mbili chini yake, nikasemwa sana. Kwenye Hard matofali yana nafasi, unaweza kusikia mkono wako unavyofanya. Nilikaa huko hadi nikapata wastani wa 111 kwenye nyimbo tano tofauti, ndipo nikapanda. Kwenda Expert+ na mkono mbovu ni kuufundisha mkono huo ubovu kwa haraka zaidi, na mtu anayekuambia vinginevyo muulize wastani wake ni ngapi. Ile hali ya mazoezi nayo niliidharau mwanzoni kwa sababu alama zake haziandikwi popote. Sasa naitumia kila siku: napunguza kasi hadi asilimia 80, naanzia sekunde ninayoitaka, narudia kipande kimoja mara kumi bila kulazimika kupitia dakika mbili za mwanzo.

Daraja la SS ambalo mchezo unakupa mwisho wa wimbo linaanzia asilimia 90. Nililipata kwanza kwa 90.3, na nilipiga picha skrini nikamtumia rafiki yangu yule wa matofali manne. Akajibu kwa neno moja: "Hatimaye." Wiki iliyofuata 92, kisha hiyo 94.1 ya juzi, na ndani yake nimekosa tofali moja. Miezi minne iliyopita tofali hilo lingenifanya nibonyeze kuanza upya papo hapo. Nililiacha lipite nikaendelea kumalizia mikato yangu.

Kipande kimoja tu ndicho kinachonisumbua sasa, karibu na mwisho, pale mikono inapopishana na tofali jekundu linatokea upande wa kulia. Kiwiko cha kushoto kinakosa nafasi, namba zinashuka hadi 104. Nimeshaangalia video yake mara nne. Nadhani nahitaji kuanza kuuvusha mkono nusu mdundo mapema, kabla wa kulia haujashuka. Kesho jioni nakianza kwa asilimia 80.