Arubaini wa Ijumaa ya Kwanza

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Mtoto wa dada yangu, aliyesomea madrasa hapahapa Ngamiani, Tanga, yuko Ujerumani kimasomo. Ijumaa yake ya kwanza huko aliswali katika chumba kilicho juu ya duka. Khatibu ni Mturuki. Alihutubu kwa Kituruki, kisha akafupisha kwa Kijerumani. Kijana hakuambulia kitu. Akabaki kuhesabu vichwa, kwani sisi wa madhehebu ya Shafii tumesomeshwa kuwa Ijumaa haisihi bila watu arubaini: je, tumetimia?

Aliponisimulia kwenye simu nilimkumbuka Kaab bin Malik, sahaba wa Mtume (s.a.w.) wa Madina, Allah amridhie. Alipopofuka, mwanawe Abdurrahman ndiye aliyekuwa akimshika mkono. Na kila mzee aliposikia adhana ya Ijumaa, humwombea rehema As'ad bin Zurara. Mwana akataka kujua sababu. Akajibiwa kuwa As'ad ndiye wa kwanza kuwaswalisha Ijumaa, Mtume (s.a.w.) hajahamia Madina bado. Mlikuwa wangapi siku hiyo? Arubaini. Habari hii imo katika Sunan Abu Daud.

Arubaini tu! Ijumaa ya Madina ilianza na watu wachache, wamezungukwa na jamaa na majirani ambao wengi wao hawajasilimu. Sisi wa Tanga, tunaoadhiniwa kila mtaa, hilo limetutoka. Wengine wetu huingia msikitini khatibu ameshakaa kati ya khutba mbili, na mawaidha ya Kiswahili yalimalizika zamani. Mwenzetu wa kule ameomba ruhusa kazini, amepanda treni, na muda alionao ni ule wa chakula cha mchana. Pengine wiki nzima hakuitikiwa salamu hata moja. Khutba ndiyo inayomkutanisha na wenziwe, na baada ya swala ndipo anapojua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani mgeni hana pa kulala. Ndiyo maana khatibu wa kule hana budi kupima maneno yake, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe amesema kuwa mtu kurefusha swala na kufupisha khutba ni alama ya ufahamu wake.

Nikamuuliza kijana: sasa ulipata nini, na lugha huijui?

Akasema, "Mjomba, mwishoni alisoma *Innallaha ya'muru bil-adli wal-ihsan*, hakika Allah anaamrisha uadilifu na wema. Ileile aya anayofungia khatibu wetu huko nyumbani. Hapo nililia."

Ijumaa hii nataka nitoke nyumbani mapema, kabla ya adhana. Na ikiadhiniwa, nimwombee As'ad.