Mpare wa Magomeni, mweusi wa Bristol

Ukiniuliza mimi ni nani, kwanza niambie tuko wapi. Magomeni mimi ni mtoto wa mzee fulani, Mpare, Yanga wa kurithi, na mdomo ninao. Bristol, Uingereza, mimi ni mweusi, na kazini wanasema ni mpole sana. Mama akisikia hilo la upole anacheka hadi anashika mbavu. Nimekua Dar mpaka nikaolewa bila rangi yangu kuwa habari. Nani angeniambia, wakati daladala nzima tunafanana?

Niko nyumbani kwa likizo, na kila baraza swali ni lilelile: "Hivi Wazungu wanawabagua?" Wanabagua, ndiyo. Lakini huwa najibu kwa Simba na Yanga.

Hukohuko Bristol aliishi mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi wa Poland ambaye Wanazi walimmalizia ndugu zake. Aliwachukua wavulana wa shule wa miaka 14 na 15, akawaambia wamegawanywa kufuatana na mchoraji wanayempenda, Klee au Kandinsky. Uongo mtupu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kisha kila mmoja akagawia wenzake pointi zenye thamani ya senti chache, wenzake wenyewe wakitajwa kwa namba na kundi tu. Wakapendelea kundi lao. Zaidi ya hapo, walikuwa radhi wao wapate pungufu mradi wa upande wa pili wapate pungufu kuliko wao. Tajfel aliyachapisha hayo mwaka 1970, ila Kariakoo walishayajua tangu Simba itoke ubavuni mwa Yanga mwaka 1936. Mtu wa Msimbazi hata timu yake ifungwe, atalala usingizi kama na Yanga kafungwa. (Watani zangu, mtanisamehe.)

Kwa nini basi makabila hayakutufikisha pabaya? Kiswahili kimesaidia, shule za bweni na JKT pia. Mimi lakini nauheshimu zaidi utani. Mchaga ataniambia Wapare tunauza ng'ombe kugharimia kesi ya kuku. Nami nitamwambia yeye ukidondosha sarafu anafufuka. Kwenye msiba wa baba mdogo, mtani wetu mmoja alilala mbele ya gari la maiti akidai deni lake kwanza. Tulicheka huku tunalia, akalipwa, tukaenda kuzika.

Ila utani unataka mtu anayeweza kujibu. Juzi nilialikwa chakula Mbezi, nyumba nzuri, na dada wa kazi akala jikoni, peke yake, baada yetu. Mwenyeji akanieleza kwamba mabinti wa Iringa wameumbwa wavumilivu, hawachoki. Sentensi hiyo naijua. Bristol nahudumia wazee, na bosi mmoja alipenda kutusifu: ninyi Waafrika mmeumbwa na huruma, kazi hii inawafaa. Alikuwa anapanga zamu za usiku wakati huo. Sifa za namna hii zina kazi yake, zinamwekea mtu mzigo halafu zinasema mzigo ni maumbile yake.

Nilipopeleka vyombo jikoni nikamuuliza yule binti, na yeye watu wa Dar anawaonaje. Akachungulia mlangoni, akapunguza sauti, akaanza na mama mwenye nyumba. Alikuwa nayo mengi, na hakuna alichokosea.