Mradi wangu wa helmeti ya sumaku: nilipofika mpaka sasa

Nilianza huu mradi baada ya mdogo wangu kuanguka na bodaboda. Namshukuru Mungu alisimama mwenyewe, ila helmeti yake ilipasuka na mimi nikashinda naigeuza geuza mkononi najiuliza hivi kweli hakuna kitu cha maana kuliko hili povu jeupe gumu, mana ni lile lile linalokuja kwenye boksi la TV. Ndo nikakumbuka wazo la Raymond Colello, mtafiti wa Virginia Commonwealth University kule Marekani, ambaye mwaka 2014 alielezea kuweka sumaku kali kwenye helmeti za wacheza futiboli ya Kimarekani, zote zikitazama nje kwa ncha ya aina moja, kwa hiyo wawili wakitaka kugongana zinasukumana na spidi inapungua kabla hawajagusana.

Shida moja niliiona kabla hata sijanunua kitu. Yule mcheza futiboli anagongana na helmeti ya mwenzake, mdogo wangu anagongana na lami na lami haina sumaku. So jozi nzima inabidi ikae ndani, moja kwenye ganda la nje, ya pili upande wa kichwa.

Wiki ya kwanza
Nimepata sumaku za neodimiamu, zile ndogo zenye nguvu kupita kiasi, za duara, upana mm 20, unene mm 5. Usizichukulie poa. Mbili zilirukiana mezani moja ikamegeka, kipande kikapita karibu na jicho, toka siku hiyo navaa miwani. Na kama una mtoto nyumbani zifungie kabisa, akimeza mbili zinavutana tumboni zinabana utumbo katikati, hiyo ni upasuaji.

Kuzifanya zitazamane zikisukumana ndo mtihani. Ukiachia tu inateleza pembeni, inageuka, inanasa. Nikahangaika na gundi siku tatu kumbe mwanahisabati wa Uingereza, Samuel Earnshaw, alishathibitisha toka 1842 kwamba sumaku tupu haziwezi kumshikilia mwenzake hewani akatulia. Nikaziingiza kwenye bomba la plastiki, zikatulia.

Wiki ya pili
Hii ndo wiki iliyonifundisha. Nilikandamiza jozi moja juu ya mzani, nikaandika kila umbali. Zikiwa zimeachana mm 20 unasukumwa na gramu 200 hivi, mm 10 karibu kilo moja, mm 5 kilo mbili, zikigusana kama kilo sita. Raha yake ni kwamba inaanza laini inakuja kukaza mwishoni. Ila ukijumlisha ile nguvu kwa umbali wote, jozi nzima inabeba jouli 0.3 tu (jouli ndo kipimo cha nishati).

Sasa kichwa. Chukua kilo 5 kianguke kutoka mita 1.5, kinafika chini na mita 5.4 kwa sekunde, nishati ni jouli 73 na kitu. Gawanya kwa 0.3, unahitaji jozi kama 245. Jozi moja ina gramu 24, so ni karibu kilo 6 za sumaku juu ya shingo ya mtu wakati helmeti nzima ya kawaida ni kilo moja na nusu hivi. Nilirudia hesabu mara tatu usiku ule nikitegemea nimekosea mahali. Sijakosea.

Na kuna jambo la pili ambalo kwangu ndo zito zaidi. Niliangusha uzito wa gramu 100 kutoka sm 20 juu ya jozi, ukadunda ukarudi juu karibu robo tatu ya njia. Sumaku ni springi, haili nishati, inaikopa inairudisha hapo hapo, na kichwa kinachorudishwa juu ubongo wake unatikiswa zaidi ya kile kilichosimama. Lile povu nililolidharau lenyewe linapondeka na halirudi, nishati imeishia humo. Ndo mana helmeti ikishagonga kweli inatupwa hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Wiki ya tatu
Nikaenda kwa fundi friji kuomba kipande cha bomba la shaba. "Kaka unataka kufunga AC?" Nikadondosha sumaku ndogo ndani, ikashuka taratibu kama imo kwenye asali, akaniomba nirudie mara nne. Sumaku ikipita inazalisha umeme wa kuzunguka kwenye shaba, huo umeme unaivuta nyuma na nishati inageuka joto. Huku ndo kuna kula kwenyewe, na kudunda kukapungua sana. Lakini kusimamisha kile kichwa ndani ya sm 2.5 ni wastani wa mara 60 ya mvuto wa dunia, au g 60 (urefu wa kuanguka ugawe kwa umbali wa kusimama, sm 150 kwa 2.5), yani kilo 300 za nguvu. Bomba langu haliko hata karibu.

Kwa hiyo kugonga moja kwa moja naliachia povu.

Ila kile kilichonisumbua wiki ya kwanza, sumaku kuteleza pembeni, kimenirudia kichwani. Mtu wa boda mara nyingi anaanguka kwa mshazari, kichwa kinazungushwa, na kule Sweden kampuni ya MIPS wanaweka tabaka linaloteleza mm 10 mpaka 15 ndani ya helmeti kwa ajili hiyo hiyo. Sumaku zinazovutana ni ngumu kuzibandua lakini kuzitelezesha ni rahisi, halafu zikiachiwa zinajirudisha katikati zenyewe. Vipande vinne vyembamba, gramu chache, vishikilie tabaka la ndani.

Nimeshakata tabaka la kwanza kutoka kwenye ile helmeti iliyopasuka, ni ya majaribio tu haivaliwi na mtu. Nasubiri kihisi cha kupima ukali wa mgongo, ADXL377, kinachosoma mpaka g 200, mana cha mwanzo kiliishia g 16 na kila mpigo kilikuwa kinanipa namba ile ile.