Mzunguko wa Tano au wa Sita

Tulitoka Madina baada ya Adhuhuri, basi moja la watu wa Tanga na Unguja, wengi wao watu wazima na karibu wote wakienda umra, ile ziara ndogo ya Makka isiyo hija, kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, Makka ikianza kujaa wanaoiwahi Ramadhani. Kituo cha kwanza kilikuwa Abyar Ali, ndiyo Dhul-Hulayfa, miqati, yaani mahali pa kuingilia ihramu, ya watu wa Madina na ya kila apitaye njia hiyo. Ni dakika chache tu kutoka mjini, na ndipo kiongozi anapojua safari yake itakwendaje.

Aliyezoea njia ile huwaogesha watu hotelini Madina, si miqatini. Mabafu ya Abyar Ali ni mengi, lakini mzee akiingia mle na begi, shuka mbili na sakafu imelowa, basi zima litamngoja. Kwa hiyo wanaume walipanda wameshavaa. Kilichobaki ni udhu, rakaa mbili na nia. Wengi hudhani kujifunga shuka ndiyo kuhirimia, kuingia katika ihramu. Hapana. Mpaka unuie, wewe ni mtu aliyevaa nguo nyeupe tu. Nia tuliweka basi likianza kuondoka, na wale wenye sukari na presha tukawatamkisha na sharti: nikizuiwa na jambo, basi nitafungua pale nitakapozuiliwa. Mwenye sharti hilo akizidiwa njiani akashindwa kumaliza, hufungua ihramu yake bila kudaiwa mnyama wa kuchinja.

Baada ya nia, manukato na kukata kucha ni marufuku, na balaa hutoka katika vitu vidogo. Karatasi za kujipangusia zenye marashi, sabuni ya hoteli, mama anayemnyooshea mwenzake kidole chenye kucha iliyopasuka akitaka ikatwe. Na kuna jambo ambalo sijasikia likisemwa mimbarini: mwanaume anayetembea kilomita kadhaa bila nguo ya ndani huchubuka mapaja. Mafuta mazito yasiyo na harufu, yapakwe kabla ya kutoka. Asiyepaka utamjua kwa mwendo wake kwenye saayi, ule mwendo wa kwenda na kurudi kati ya Swafa na Marwa.

Makka tuliingia baada ya Isha. Tukala, tukawalaza kidogo, tukashuka Msikitini usiku wa manane kwa mlango namba 1, wa Mfalme Abdulaziz. Ndara kila mtu aliziweka kwenye mfuko mgongoni. Ukiziacha mlangoni utaapa kwamba mlango umehama. Atakayepotea aliambiwa arudi pale pale namba 1 akae, asitutafute, kwa sababu wawili wanaotafutana kwenye uwanja wa tawafu, pale watu wanapoizunguka Kaaba mara saba, hawaonani mpaka alfajiri.

Walipoiona Al-Kaaba walilia, na mmoja akakaa chini kabisa. Kwa anayerudi mara kwa mara machozi hayaji kwa kuitwa, na wapo wanaoingiwa na hofu kwamba imani imepoa. Mimi sikubaliani nao. Machozi ni riziki. Umra ni nguzo na masharti, na usiku ule ilinibidi niyaangalie hayo ya watu wengi kwa pamoja.

Mstari wa kuanzia unaonyeshwa na taa ya kijani ukutani, mkabala wa pembe ya Jiwe Jeusi. Unaelekea, unainua mkono, unasema Bismillahi Allahu Akbar, unaendelea. Hapo hapasimamwi, msongamano wote wa pembe ile unaletwa na wanaosimama. Bega la kushoto libaki upande wa Kaaba, la kulia la mwanaume likiwa wazi. Hijri Ismaili, ule ukuta mfupi wa nusu duara kando ya Kaaba, huzungukwa kwa nje, kwani ni sehemu ya Nyumba, na anayekata njia mle ndani mzunguko wake hauhesabiki. Kiswa, kitambaa kinachoifunika Kaaba, hatukukigusa, wala Rukni Yamani, pembe inayotangulia ile ya Jiwe Jeusi, kwa sababu hupakwa manukato na sisi tuko ndani ya ihramu. Kisha lile suala letu Mashafii: kugusana ngozi mwanamume na mwanamke asiye maharimu wake, jambo ambalo kwetu hutengua udhu. Katika umati ule, anayetaka kutawadha kila akiguswa hatamaliza tawafu. Masheikh wetu wengi huelekeza kufuata kauli ya madhehebu ya Hanafi katika hilo, kwamba udhu hautenguki, na tulilifundisha Madina mapema, maana halifundishiki katikati ya watu.

Mzee mmoja alinishika mkono tulipofika Rukni Yamani.

“Mwanangu, hii ya tano.”

“Ya sita, mzee. Nina shanga saba hapa, nimeshavuta sita.”

“Shanga zako hazitanisimamia kesho.”

Hakuwa mbishi wa bure. Hukumu ilikuwa upande wake: mwenye shaka ya idadi katikati ya tawafu hujenga juu ya idadi ndogo, kwa sababu ndiyo yakini. Shaka ikija baada ya kumaliza haina kazi, lakini yake ilikuja angali anazunguka, na yakini yangu mimi haikuwa yake. Shida ni miguu. Mkewe alikuwa hoi, naye hakuwa na shaka yoyote, kwake ilikuwa sita. Kwa hiyo mama alimaliza na kundi, akapelekwa kukaa nyuma ya Makamu Ibrahim, lile jiwe la Nabii Ibrahim karibu na Kaaba, mbali na njia ya watu, nami nikabaki na mzee kwa mzunguko mmoja zaidi. Tuliufanya kwa nje, ambako ni mbali lakini husukumwi. Baina ya Yamani na Jiwe alikuwa akisoma dua ya Rabbana aatina kwa sauti ya chuoni, polepole, herufi kwa herufi, watu wakitupita pande zote mbili. Sikuvuta ushanga wowote. Ile ndiyo iliyokuwa tawafu yangu bora kwa muda mrefu, nami nilikwisha maliza yangu.

Bega likafunikwa kabla ya rakaa mbili, jambo linalosahauliwa sana. Humo husomwa sura ya Al-Kafirun, kisha Al-Ikhlas. Zamzam ya majagi yasiyo na barafu, kwa ajili ya vifua vya wazee.

Saayi ina kosa moja kubwa: watu huhesabu kwenda na kurudi kuwa moja, wakafanya kumi na nne. Swafa hadi Marwa ni moja, kurudi ni ya pili, na ya saba huishia Marwa. Jumla ni karibu kilomita tatu juu ya marumaru, miguu mitupu. Mama alikodiwa kiti cha magurudumu, na wanaume wenye nguvu walikimbia kati ya taa za kijani.

Wanawake walikata ncha za nywele kiasi cha pingili ya kidole. Kwa vinyozi nilimshauri mzee apunguze tu, akataka wembe. Siku ya pili akaniambia anataka kwenda Tan'im, penye Msikiti wa Aisha, kiasi cha kilomita saba, ahirimie umra nyingine kwa ajili ya marehemu mama yake. Kwa kuwa yake alishaitimiza, inafaa. Tukapatana na dereva wa teksi atungoje nje ya msikiti huo, na kinyozi wa jana akapitisha tena wembe juu ya kichwa kisicho na unywele.