Kumi na nne au arobaini na moja

Jumamosi tulikuwa garini tukimsubiri mama yake atoke sokoni. Binti yangu akanyoosha kidole kwenye dashibodi. "Baba, hiyo taa ya njano inasema nini?"

Nikamwambia haisemi kitu, inawaka tu, mpaka uchomeke kidude chini ya usukani, halafu simu ndiyo ikusomee.

"Kumbe yenyewe ni bubu?"

Ya siku hizi, ndiyo. Ile Toyota Corolla 110 ya Mzee haikuwa bubu. Ile ilikuwa inakonyeza.

Mwaka 2011 nilikuwa nyumbani Morogoro, nimedisko chuo. Hesabu za mwaka wa pili zilinishinda, nikarudi na begi na godoro, na Mzee hakusema neno. Afadhali angefoka. Akawa ananisalimia kama mpangaji.

Gari nayo ikaanza vituko. Barabarani ilikwenda vizuri tu, ila ukitaka kusimama, mshale wa resi unaporomoka, gari inatetemeka kama ina homa, inazima. Pale Msamvu ilituzimikia mara tatu kwenye foleni moja. Daladala zinapiga honi, Mzee anapiga stata huku ametazama mbele kama vile zinapigiwa mtu mwingine. Taa ya injini ikawaka. Fundi akabadilisha plagi zote nne na kichujio cha mafuta, tukalipa, na hatukufika nyumbani kabla haijazima tena. Tulipomrudia akasema basi itakuwa ignaita, kile kifaa cha kuwashia moto wa plagi, akataja bei ambayo Mzee hakuirudia hata mbele ya Mama.

Ndipo ikatolewa karatasi. Fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia, aliyopewa na rafiki yake aliyekuwa dereva serikalini: orodha ya namba, na kila namba na ugonjwa wake. Toyota za umri ule hazikuhitaji mashine ya kupimia. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, ukifunua kifuniko unakuta vitundu vina majina. Unaunganisha TE1 na E1, unafungua swichi bila kupiga stata, na taa ya injini inakukonyezea ugonjwa wake kwa namba. Waya wa kuunganishia hatukuwa nao. Mzee akachukua pini ya nywele ya Mama.

Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme na usiku ule mtaa wetu ulikuwa gizani. Nimekaa nyuma ya usukani. Mzee amechomeka pini, amekuja kuinama dirishani upande wa pili.

"Fungua swichi."

Nikafungua. Taa ikakonyeza, ikapumzika, ikakonyeza tena. Nilichoshika mimi ni moja, kisha nne.

"Kumi na nne," nikasema.

"Arobaini na moja."

"Mzee, imeanza na moja."

"Imeanza na nne. Wewe umechelewa kuhesabu."

Kwenye karatasi, 14 ilikuwa mambo ya moto wa plagi, yaani ignaita ya fundi na bei yake yote. 41 ilikuwa kihisi cha throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Tukahesabu upya. Tatizo ni kwamba taa ile haina mwanzo, inazunguka tu: nne, moja, nne, moja. Ukiingilia katikati umepotea, na mimi niliingilia katikati mara tatu. Kila ilipowaka niliuona uso wa Mzee, ilipozima ukapotea. Ulipoonekana tena, akasema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Hata kuhesabu mpaka nne?"

Sikujibu. Hakuongeza. Nikaendelea kuitazama taa, na sasa sikuwa nahesabu chochote.

Sijui Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa muda gani na kibatari chake. Amefundisha darasa la kwanza tangu sijazaliwa. Akasogea, akaitazama taa, kidole chake kikigonga paa la gari. "Nyie wawili mnahesabu mwanga, hamhesabu mapumziko. Pumziko fupi ni mkato. Refu ni nukta. Sentensi inaanza baada ya nukta." Akahesabu kwa sauti ile ya ubaoni: "Moja, mbili, tatu, nne, mkato. Moja, nukta." Akarudia. Arobaini na moja. Akageuka kurudi ndani, kisha akasimama. "Na pini yangu muirudishe."

Haikurudi.

Asubuhi tukalegeza bomba la hewa, tukachungulia throto. Nyeusi tii, kama sufuria ya kuni. Kile kisahani cha ndani, usipokanyaga mafuta, kinakuwa kimejifunga na kuacha upenyo mdogo tu, na upenyo huo ulikuwa umegandiwa na masizi na mvuke wa oili unaorudishwa humo kutoka kwenye injini. Kopo moja la kabureta klina, mswaki wa zamani, kitambaa. "Hizo skrubu mbili za kihisi usiziguse," alisema Mzee, na hilo ndilo lililokuwa fungu refu la maneno aliyonipa mwezi ule. Skrubu sikuzigusa. Soketi ya kihisi niliichomoa, nikakuta ukungu wa kijani kwenye pini zake, nikaukwangua, nikairudisha mpaka ikalia tak. Tukachomoa fyuzi ya EFI ili namba ifutike, tukangoja, tukairudisha. Gari ikagoma mara mbili, ikawaka na moshi mweupe na harufu ya ile dawa, na mshale wa resi ukasimama chini kidogo ya 800. Ukakaa hapo hapo. Taa haikurudi.

Mzee anasema ni uchafu. Mimi nasema ni soketi, maana uchafu mtupu hauleti 41. Yeye anasema soketi isingeizimisha gari kila inaposimama. Siku hizi naona huenda sote tulikuwa sahihi, ila sijamwambia. Wiki ile ile alinipa nauli ya kwenda kuulizia chuo kingine. Kama gari ilihusika, sikuuliza.

Basi Jumamosi, binti alipong'ang'ania, nikachomeka kidude. P0505, mambo ya sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta. Nikampigia babu yake, nikaweka spika.

"Safisha throto," akasema kabla sijamaliza.

"Naanza na soketi, Mzee."

Kimya. Binti akanitazama, nami nikangoja nijue kama ni mkato au nukta.

Kumbe salio lilikuwa limekwisha.